Kidole Kimoja Juu ya Mstari

Sogeeni basi. Walio nyuma waje mbele, mwenye simu aizime, na mwenye mtoto anayelia ampe kitu cha kutafuna. Hadithi yangu haina zimwi wala mfalme wala sungura mjanja. Ni hadithi ya watu watatu wa chumba cha kufulia, na nikifika mwisho wake mimi nanyamaza, kazi inabaki kwenu. Kwa hiyo msinzie kwa hasara yenu wenyewe.

Palikuwa na hospitali moja katika nchi kavu ya Ugogo, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Ilikuwa na wodi nne, jiko, kanisa dogo, kisima kirefu chenye pampu, na tangi moja kubwa la saruji. Ilikuwa pia na chumba cha kufulia mashuka, na humo walifanya kazi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza aliitwa Damari. Kipawa chake kilikuwa kukumbuka. Mama huyu hakuvuka darasa la pili, lakini neno likishaingia masikioni mwake halikutoka tena. Ukimwambia leo kwamba mashuka ya wodi yako ni nane na mawili yana viraka, mwakani angekuuliza habari za vile viraka. Watu waliowahi kumwahidi kitu wakapuuza walikuwa wakimwona kwa mbali wanakata kona.

Wa pili aliitwa Lameki. Kipawa chake kilikuwa pua. Mzee huyu aliweza kuokota gauni la mgonjwa lililokauka kabisa akakuambia hili lina damu, hili lina uji, na hili halina kitu, mwenyewe alilala tu akaamka. Wali wa jikoni ukianza kuungua, yeye aliyekuwa kwenye kamba za kuanikia ndiye aliyepiga kelele kabla ya mpishi.

Wa tatu aliitwa Hezroni, kijana wa pasi na pampu. Kipawa chake kilikuwa masikio. Alijua pampu itaharibika siku mbili kabla haijaharibika, na alimtambua kila muuguzi kwa kandambili zake. Alikuwa na kasoro moja tu: alidhani kila binadamu anasikia anachosikia yeye. Kwa hiyo alikuwa hasemi.

Sasa shida yenyewe. Mwaka huo kisima kilianza kuchoka. Kilichokuwa kinajaza tangi kwa siku moja kikawa kinalijaza nusu. Wakubwa wa wilaya wakaja, wakatazama, wakachora mstari mwekundu ndani ya tangi, usawa wa kiuno cha mtu, wakasema hivi:

"Baada ya siku arobaini tutarudi, saa nne asubuhi. Tukikuta maji yapo kwenye mstari au juu yake, sawa. Yakiwa chini ya mstari, hospitali hii haina maji ya kutosha wodi zote. Wodi ya wazazi itafungwa siku hiyo hiyo, na akina mama watapelekwa hospitali ya mjini."

Mjini ni kilomita sitini, na barabara yake ni mawe. Mkuu wa wauguzi, Metroni Loisi, aliijua barabara ile vizuri mno. Kabla wodi ya wazazi haijafunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa akiwasindikiza wajawazito kwenye tela la trekta, na mara nyingine akirudi na mama peke yake, mikono mitupu. Wodi ile aliipigania miaka kumi na moja. Aliposikia maneno ya wakubwa hakubishana nao. Alikwenda nyuma ya jengo akasimama pale muda, akarudi, akauliza swali moja.

"Maji yetu yanakwenda wapi?"

Wakapima. Katika kila ndoo mia moja zilizotoka tangini, ndoo sitini zilikwenda chumba cha kufulia.

Usiwalaumu haraka. Chumba kile kilikuwa na fahari yake. Desturi yao, waliyoachiwa na mkuu wao wa zamani, ilikuwa kusuuza mpaka maji ya mwisho yaonekane kama ya kunywa. Sabuni walitia bakuli zima kwa kila beseni. Sasa sabuni nyingi inataka kusuuzwa mara nyingi, na kusuuza mara nyingi kunataka maji mengi, lakini mashuka yao yalikuwa meupe hata ukiyatazama mchana unafumba macho. Wagonjwa waliyasifu. Nani angewaambia waache?

Bwana Afya ndiye aliyewaambia. Huyu aliitwa Yoeli, mtu mpole wa kukohoakohoa. Kabla hata wakubwa hawajaja, kisima kilipoanza tu kuchoka, alikuwa amekaa chumba cha kufulia wiki mbili nzima na fimbo ya kupimia, akipima kila beseni, akihesabu kila ndoo. Kisha akaandika mpango wa vipengele kumi na kimoja, kurasa nne, kwa mkono wake. Sabuni kiasi gani, maji ndoo ngapi, maji ya beseni hili yahamie beseni lipi, maji machafu kabisa yakamwagwe vyooni badala ya kuchota mapya. Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya wafanyakazi akausoma wote, mara moja, kwa sauti. Akamkabidhi Metroni zile kurasa. Jumanne akapanda basi kwenda kituo kipya cha kazi, maana alikuwa amehamishwa.

Metroni akazikunja kurasa zile vizuri, akazitia mfuko wa ndani wa koti lake jeupe, akafunga kifungo ili zisipotee. Na Jumatano, kama mnavyojua wote mliowahi kulazwa, ni siku ya kufua makoti.

Lazima niwaeleze jambo moja la madobi wa hospitali. Hawatii mkono kwenye mfuko wa mtu. Si adabu tu, ni kuogopa sindano. Mwenzao mmoja wa zamani alichomwa kidole kwenye mfuko wa koti, na tangu hapo sheria ikawa kwamba koti linashikwa pindoni, linageuzwa kichwa chini, linakung'utwa mara tatu. Kinachoanguka, kimeanguka. Kisichoanguka, Lameki alikisikia kwa pua. Karatasi na wino vilikuwa havimpiti hata kidogo.

Ila Jumatano ile Lameki alikuwa na mafua.

Akalikung'uta koti mara tatu. Kifungo kikashika. Akalinusa kwa pua iliyoziba, hakusikia kitu, akalitumbukiza. Likaloweshwa, likasuguliwa, likasuuzwa mara nne kwa ile desturi yao, likatiwa wanga, likaanikwa. Alhamisi Hezroni akalipiga pasi akasema, "Mfuko huu umeshika wanga sana." Metroni akalivaa, akafungua kifungo, akatia mkono. Akatoa kitu cheupe, kigumu, bapa, kama andazi lililokanyagwa.

Huo ndio mpango. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na sita.

Metroni akampigia simu Yoeli. Yoeli akasikitika kweli kweli.

"Rasimu nazo nilifungia vyombo wakati wa kuhama, Sista. Zimetupwa. Vichwa vya vipengele nakumbuka, lakini vipimo vyote vilikuwa kwenye karatasi ile. Bila vipimo ni maneno tu."

Hapo Lameki akaketi chini sakafuni, mtu mzima na mvi zake, akashika kichwa. "Mimi ndiye niliyeifunga ile wodi," akasema. Kila mtu alikuwa anawaza hivyo hivyo.

Sasa msikilizeni Damari.

Damari alikuwa anatoka kuanika, beseni kichwani. Akauliza, "Kwani mnatafuta nini?"

"Mpango," akasema Metroni.

"Upi? Ule wa Jumatatu?"

"Ule ule, mama."

"Si mchukue kalamu," akasema Damari, akatua beseni. "Kipengele cha kwanza. Sabuni ya unga, nusu bakuli kwa beseni kubwa, robo kwa dogo, ikorogwe kwanza ndani ya maji ya moto kikombe kimoja. Hapo akakohoa. Kipengele cha pili. Maji ya kusuuzia ya beseni la nne yasimwagwe, yahamishiwe beseni la kwanza kulowekea mzigo unaofuata..."

Akaenda hivyo hadi kumi na kimoja, pamoja na vikohozi, pamoja na mahali Yoeli alipodondosha ukurasa akasema samahani. Metroni aliandika hadi mkono ukafa ganzi. Kisha wakampigia tena Yoeli ili kuhakikisha. Hakukumbuka namba zake, ila alikumbuka kipimo kimoja kilichomsumbua sana kukipata.

"Muulizeni kipengele cha saba. Ndoo ngapi?"

"Tatu na nusu," akasema Damari. "Na ukasema hiyo nusu isidharauliwe."

Kisha Yoeli akacheka peke yake kule alikokuwa. "Ni tatu na nusu," akasema. "Ni kweli nilisema isidharauliwe."

Jamani, raha iliyomshika Metroni siku ile! Mpango ulikuwa umerudi kutoka kwa wafu. Bila Damari wangeanza kupima upya wiki mbili, na aliyejua kupima hakuwepo.

Wakaanza kazi. Mabeseni yakapangwa kwa mfuatano, maji yakahama kutoka moja kwenda jingine, vyoo vikasafishwa kwa maji ya kufulia. Ndoo sitini zikashuka hadi hamsini. Lakini mpango ulitaka zifike thelathini, na kilichokwamisha ni kipengele cha sita.

Kipengele cha sita kilisema nguo zitenganishwe. Zile nzito, zenye damu na mikojo na dawa, zipite maji manne. Zile nyepesi zipite maji mawili yenye dawa ya kuua vijidudu, zikaanikwe juani. Ni rahisi kusema. Mashuka yalifika kutoka wodini yamekunjwa ndani ya magunia, yamekauka, yote yanafanana. Ukikosea ukalipitisha zito kwenye maji mawili, umemlaza mgonjwa juu ya ugonjwa wa mwenzake. Metroni akasema, "Mkiwa na shaka, maji manne." Nao walikuwa na shaka kwa kila shuka. Kwa hiyo kila shuka lilipita maji manne, kama zamani.

Sasa mtazameni Lameki.

Tangu siku ya koti, mzee huyu alikuwa hazungumzi na mtu. Anafua, anakula chakula chake upande, anaondoka. Siku ya kumi na moja asubuhi alikuwa amesimama mlangoni, gunia la wodi ya wanaume likapitishwa mbele yake, akainua kichwa. Mafua yalikuwa yamekwisha.

"Lete hapa hilo gunia," akasema.

Akavuta kigoda, akavaa glavu, akaketi. Akatoa shuka moja baada ya jingine, akiliinua tu mbele ya uso. "Zito. Jepesi. Jepesi. Zito, hili lina mkojo wa mtu anayemeza dawa za moyo. Jepesi. Hili lina embe, nani kala embe kitandani?" Yale ya wodi ya kifua kikuu hayakunuswa kamwe, yalikwenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya moto, Metroni alisimamia hilo mwenyewe. Lakini mengine yote, tangu siku ile, yalipita mbele ya pua ya Lameki. Asubuhi magunia sita, jioni magunia manne. Kichwa kilimuuma kwa harufu ya klorini, macho yalitoka machozi, na hakukosea. Mtaalamu wa maabara alichukua vipande vya mashuka mepesi yaliyokwisha kufuliwa akavipima mara tatu, akakuta ni safi.

Ndoo zikashuka hadi thelathini. Nusu! Bila Lameki wangebaki hamsini mpaka siku ya hukumu. Watu wakaanza kusalimiana kwa furaha, mpishi akamtumia Lameki ukoko wa wali, anaoupenda.

Kisha Metroni akapanda ngazi kuchungulia tangi. Akashuka taratibu sana.

Maji yalikuwa chini ya mstari, urefu wa mkono mzima wa mtu kuanzia bega hadi vidole. Wanatumia nusu, na tangi halipandi.

Wakapima tena, wakahesabu tena. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Tangi likabaki pale pale. Zikiwa zimebaki siku tisa, katibu wa hospitali akawaita wote barazani, uso umemshuka.

"Ndugu zangu, mmefanya kazi ya watu wanane. Lakini kuna maji yanaondoka hatujui yanakokwenda. Nafikiri tuanze kuwaandalia akina mama usafiri."

Metroni akageuza uso. Hapo Hezroni akajikuna shingo akasema, "Si yale yanayopita chini ya njia ya kanisani?"

"Yapi?" akauliza katibu.

"Yale maji. Yanayolia kule chini. Yana kama miaka miwili sasa."

Wote wakamgeukia.

"Miaka miwili!" akasema Metroni. "Hezroni, mwanangu, mbona hukusema?"

"Nilidhani nyote mnayasikia," akasema Hezroni.

Cheka, cheka, hata wao walicheka baadaye. Siku ile hawakucheka. Walimkokota hadi kwenye njia ile.

Sasa msikilizeni Hezroni, au tuseme, msikilizeni alichosikiliza.

Njia ya kwenda kanisani ina hatua mia mbili, na udongo wake ni mgumu wa kuvunja sururu. Ramani ya mabomba haikuwepo. Kuichimba yote kungechukua mwezi. Ilibidi Hezroni aseme ni hapa, si pale, na kelele za hospitali zilimzidi: pampu, jiko, mashine ya kusaga ya jirani, watoto, kuku. Akasema, "Nipeni kimya cha dakika kumi, kimya kabisa, nitawaonyesha kwa kidole."

Kimya cha dakika kumi utakipata wapi katika hospitali? Damari akasema Jumapili. Mashine ya kusaga haifanyi kazi, pampu itazimwa, na watu wote wenye miguu wako kanisani. Hezroni akasema kwaya ile inasikika hadi kituo cha basi. Basi Metroni akaenda kumwona mchungaji.

Jumapili ile, katikati ya ibada, mchungaji akasema, "Tupige magoti tuombe kimya kimya, kila mtu na Mungu wake, hadi nitakaposema amina." Wakapiga magoti. Dakika moja. Dakika tatu. Dakika tano. Wazee wakaanza kuchungulia kwa jicho moja. Mwalimu wa kwaya aliamini kabisa kwamba mchungaji amepewa habari za dhambi yake, akaanza kutubu kwa midomo. Mtoto mmoja akataka kupiga chafya, mama yake akamfinya pua. Hata wodini wauguzi walitembea bila viatu.

Nje, Hezroni alikuwa amelala kifudifudi njiani, shavu juu ya udongo wa moto. Anasikiliza, anatambaa, anasikiliza. Akafika karibu na mfereji wa kando ya njia, akarudi nyuma hatua mbili, akalala tena. Kisha akachomeka kijiti ardhini, akanyoosha mkono juu. Metroni aliyekuwa dirishani akamkonyeza mchungaji.

"Amina," akasema mchungaji, na kanisa zima likaitikia kwa nguvu ambazo hazijawahi kusikika pale.

Wakachimba kwenye kijiti. Usawa wa paja la mtu wakakuta tope, na chini ya tope wakakuta bomba la zamani lililokuwa likipeleka maji kwenye nyumba za wauguzi zilizokwisha kubomolewa. Hakuna aliyekumbuka kulifunga, Damari naye alikuwa hajaajiriwa wakati ule. Limepasuka, linamwaga usiku na mchana. Wakalikata, wakaliziba. Kesho yake tangi likaanza kupanda.

Likapanda, lakini taratibu, maana siku zilizobaki zilikuwa chache. Kila asubuhi Metroni juu ya ngazi. Kiganja chini ya mstari. Vidole vitatu chini ya mstari. Siku ya arobaini ikafika, saa nne kamili wakubwa wa wilaya wakafika, na siku hiyo Metroni hakupanda kuchungulia. Alisema hawezi.

Afisa mmoja akapanda na fimbo yake. Chini wamesimama wafanyakazi wote, wapishi na miko mikononi. Akainama ndani ya tangi, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyopasa mtu kukaa. Akatoa kichwa.

"Kidole kimoja," akasema.

"Juu au chini?" akapiga kelele katibu.

"Juu. Kidole kimoja juu ya mstari. Wodi haifungwi."

Metroni Loisi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akalia kwa sauti, huku anacheka, huku anawafukuza kwa mkono waliokuja kumbembeleza. Wapishi walipiga miko kwenye masufuria. Lameki alimkumbatia Damari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka kumi na minne ya kufua naye. Mzigo uliokuwa umewakalia mabegani siku arobaini ulishuka wote kwa pamoja, na wengine wakakaa pale pale chini kwenye vumbi. Ni raha ambayo sijui niiseme vipi. Hata mimi ninayesimulia nimepumua.

Katibu, mtu wa hesabu, akapiga hesabu zake. Bila mpango uliorudishwa na Damari, maji yangekuwa chini ya mstari. Bila kutenganisha kwa Lameki, chini ya mstari. Bila lile bomba la Hezroni, chini ya mstari. Kidole kimoja hakikuacha nafasi ya kumwondoa hata mmoja wao.

Saa nne ulikuwa ukaguzi. Saa saba mchana mwanamke mmoja aitwaye Sechelela, wa kijiji cha jirani, akajifungua mtoto wa kike katika wodi ya wazazi. Mtoto alikuja amejifunga kitovu shingoni. Mkunga alikuwepo, maji yalikuwepo, taa ilikuwepo, mtoto akafunguliwa akalia vizuri tu. Lakini ingekuwa wodi imefungwa saa nne, saa saba Sechelela angekuwa juu ya mawe, katikati ya barabara ya mjini. Mkunga alimweleza hivyo bila kuficha.

Sechelela akamtazama mwanawe. Kisha akasema, "Aliyeiokoa wodi hii ndiye atakayempa mtoto huyu jina. Na atakuwa mkubwa wake maishani. Mtoto atamletea mavuno ya kwanza kila mwaka, atamfulia akizeeka, na siku ya kuolewa kwake ndiye atakayesimama kama mzazi."

Metroni akamweleza kwamba waliookoa ni watatu.

"Sista, nimesikia habari zao," akasema Sechelela. "Mmoja. Mwanangu hatapewa jina na kamati."

Hapo ndipo hospitali iligawanyika. Wauguzi walisema Damari, maana bila yeye mpango ulikwisha kufa, na mengine yote yalifuata baada yake. Wapishi wakawajibu kwamba Damari alirudia maneno ya Yoeli tu, na wakampigia Yoeli, naye akasema, "Mimi niliandika karatasi. Karatasi ilifuliwa. Msinitie humo." Wapishi walimtaka Lameki, aliyeketi kigodani siku ishirini na tisa, magunia kumi kwa siku, wakati wenzake kazi yao ilikwisha asubuhi moja. Wauguzi wakauliza, huyo huyo aliyeufua mpango? Anapewa zawadi kwa kuzima moto aliouwasha? Walinzi nao wakasema Hezroni, maana wale wawili walihangaika wiki nne na tangi halikupanda hata ukucha, hadi kijana alipolala chini. Na wapishi na wauguzi wakaungana kumshambulia: angefungua mdomo miaka miwili iliyopita, wakubwa wasingechora mstari wowote.

Metroni akawaita watatu wenyewe. Akategemea kila mmoja atamsukumia mwenzake, kama watu wenye adabu wanavyofanya.

Damari akasema, "Sitajifanya sitaki. Nina wavulana sita. Jina la msichana nimekaa nalo kichwani miaka thelathini, halijapata mwenyewe."

Lameki akasema, "Mimi niliwakosea. Najua. Lakini nilikaa kwenye kigoda kile ili mtoto kama huyu azaliwe hapa, na leo nimemsikia harufu yake, harufu ya mtoto mchanga. Namtaka."

Hezroni akatazama chini. Metroni akamwambia, "Sema, mwanangu. Safari hii usidhani tunasikia."

"Nilimsikia kabla yenu," akasema Hezroni polepole. "Alivyolia mara ya kwanza nilikuwa kwenye pampu. Nilikimbia."

Basi. Leo ni Jumamosi. Sechelela ameruhusiwa, baba wa mtoto yuko getini na mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe hawapendi kusubiri. Kadi ya kliniki iko mezani, uzito umeandikwa, tarehe imeandikwa, kwenye jina hakuna kitu. Metroni Loisi ameshika kalamu, na mkono wake umekataa.

Mimi nimemaliza, na nimewaambia tangu mwanzo kwamba sitajibu. Anza wewe uliyekaa karibu na mlango, nimekuona unatikisa kichwa. Damari, Lameki, Hezroni: kalamu ile ungempa nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaambia nini machoni?